Nyumba Ndani ya Mwiba

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua daraja la Kigongo–Busisi tarehe 19 Juni 2025, safari iliyokuwa ikiliwa na foleni ya pantoni imekuwa ya dakika chache tu. Kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, basi halisimami, na abiria asiyeinamia simu yake hutazama maji. Simlaumu, kwa kuwa Ziwa Victoria halichoshi macho. Lakini Muumba hakugawa maajabu yake kwa ukubwa, na leo namwomba msomaji alipe ziwa kisogo, atazame nchi kavu upande wa Kigongo, aingie Misungwi, na mbele yake Kwimba hadi Shinyanga, kule mabondeni ambako majabali yamekwisha na udongo umegeuka mweusi. Huko kuna kichaka cha miiba ambacho mkulima hukifyeka bila huruma, na sijasikia mshairi aliyekitungia ubeti hata mmoja.

Wasukuma hukiita ilula, na yakiwa mengi ni malula. Wamaasai wanakijua kwa jina la eluai. Kwenye vitabu vya elimu ya mimea kimeandikwa Vachellia drepanolobium, ingawa kwa karibu miaka mia moja kilikuwa Acacia drepanolobium, mpaka mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulipoamua kwamba jina la Acacia libaki kwa miti ya Australia, na migunga ya Afrika itafutiwe majina mengine. Wataalamu wengi wa bara letu walinung'unika, na nadhani walikuwa na haki. Malula yenyewe hayakupata taarifa. Yaliendelea kuota mahali pale pale yalipowekwa, Afrika ya Mashariki na majirani zake, na si kwingineko duniani.

Kwanza tuutazame udongo, maana bila udongo huu mti wenyewe hauelezeki. Msukuma anayejua kulima huisoma ardhi kwa kuteremka. Juu ni mawe. Chini ya mawe kuna luseni, mchanga mwepesi unaopenda mihogo na karanga. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, ardhi ya kijivu inayokakamaa ikikauka. Na chini kabisa ni mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi mzito, ambao leo umejaa majaruba ya mpunga. Elimu hii ilikuwapo kabla ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapo hapo Misungwi, ambacho wakulima wa pamba wanakifahamu kwa herufi za UK zilizobandikwa kwenye majina ya mbegu zao.

Mfinyanzi wa mbuga una tabia ya kikatili. Mvua ikinyesha huvimba, maji yakasimama juu yake kwa wiki kadhaa, na mizizi ikakosa hewa. Kiangazi kikija hujikunja na kupasuka, nyufa zikawa za kutosha kuumeza mguu wa ndama, na kila ufa unaofunguka hukata mizizi inayoupitia. Miti mingi haiwezi maisha hayo, ya kuzama nusu ya mwaka na kukatwakatwa nusu nyingine. Ndiyo maana mbuga nyingi ni nyasi tupu. Ilula linaweza. Kuna sehemu za udongo mweusi, hasa kwenye nyanda za Laikipia nchini Kenya, ambako zaidi ya miti tisa kati ya kumi unayoiona ni ya aina hii moja. Ukilichoma moto linachipua kutoka kwenye kisiki. Ukilikata kwa shoka, vile vile. Kwa kawaida halizidi kimo cha mtu kwa sana, ingawa likiachwa kwa miaka mingi hufika mita sita. Maua yake ni vidonge vyeupe vyenye harufu nzuri, maganda ya mbegu yamepinda kama mundu, na mizizi yake, sawa na jamaa zake wa ukoo wa kunde, hushirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi.

Hayo peke yake yangetosha kumsifu aliyeliumba. Lakini bado hatujafika kwenye mwiba.

Miiba ya ilula hutoka miwili miwili, imenyooka, mingine mirefu kupita kidole cha mtu mzima. Ukisogea karibu utaona kwamba si yote iliyo sawa. Katika baadhi ya jozi, vitako vya miiba miwili vimevimba na kuungana kuwa nundu moja ya mviringo yenye upana wa sentimita mbili, tatu, na hata zaidi. Nundu changa ni laini, za kijani kilichochanganyika na zambarau. Zikikomaa hukauka, huwa ngumu na nyeusi, na ndani yake huwa tupu. Zimetobolewa vitundu. Upepo wa alasiri unapovuma kutoka ziwani na kuvikuta vitundu hivyo, kichaka kizima hupiga miluzi myembamba, kila nundu na sauti yake. Mtu asiyejua anaweza kudhani kuna watoto wamejificha humo.

Niliwahi kunyoosha mkono nilitikise tawi moja ili nisikie vizuri. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe jirani alinizuia kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgeni.

"Shikamoo mzee. Usishike hapo. Hilo lina wenyewe."

"Marahaba. Wenyewe gani, nawe ndiye unayelisha hapa?"

Hakunijibu. Aligusa tawi kwa fimbo yake, mara moja tu, na kwa kufumba na kufumbua nundu zikamwaga sisimizi, mamia, wamebinua matumbo yao juu, wanakimbilia ncha ya tawi wakitafuta nani amebisha hodi.

Nimelifikiria jibu la yule kijana kwa muda mrefu kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Lina wenyewe. Wasomi wamechukua zaidi ya miaka mia moja kuthibitisha kiasi gani alikuwa sahihi. Mswidi mmoja, Yngve Sjöstedt, alizunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 akikusanya wadudu na wanyama, na mwaka 1908 akaandika juu ya nundu za migunga hii na sisimizi wake. Tangu hapo mabishano yalikuwa mengi. Je, nundu ni ugonjwa? Je, sisimizi ndio wanaouuma mti mpaka ukavimba, jinsi nyigu wengine wanavyosababisha uvimbe kwenye majani ya miti mingine?

Jibu ni hapana, na hapa ndipo mimi huvua kofia. Mche wa ilula uliooteshwa mbali kabisa na sisimizi hao, mche ambao haujawahi kukanyagwa na hata mmoja wao, bado hutoa nundu. Mti hujenga nyumba kabla mpangaji hajafika. Hutandika na meza pia: kwenye vikonyo vya majani yake kuna vitezi vidogo vinavyotoa majimaji matamu, ambayo hayana kazi yoyote kwenye ua wala kwenye tunda. Ni posho. Nani aliuambia mche wa mbugani kwamba kuna mdudu atakayehitaji chumba, na kwamba mdudu huyo anapenda sukari? Mwanasayansi atasema ni uteuzi wa vizazi na vizazi, maelfu kwa maelfu ya miaka, mti uliolisha walinzi ukiacha mbegu nyingi kuliko uliowanyima. Namwamini. Sioni kwamba kazi iliyofanywa polepole inampunguzia fundi heshima yake. Wazee wa Kisukuma waliomwita Muumba kwa jina la Liwelelo hawakumwekea saa ya kumaliza kazi.

Sisimizi nao hulipa pango. Mnyama akija kula majani, hutoka na kumuuma kwenye midomo, ulimi na pua, sehemu zisizo na ngozi ngumu. Watu wa kanda hii hawahitaji kufundishwa utaratibu huo: mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, vijiji vya Shinyanga na jirani zake viliunda ulinzi wa Sungusungu, na waliochagua jina hilo la mdudu mweusi mwenye hasira walijua wanachokisema. Kelele ikipigwa nyumba moja, kijiji kizima kinatoka.

Lakini kelele ya nini? Kichaka hutikiswa na upepo mchana kutwa. Kama sisimizi wangetoka kila jani linapopepea, wangekufa kwa uchovu bila kula. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, Felix Hager na Kathrin Krausa, walionyesha kwamba wadudu hawa wanatofautisha. Mtikisiko wa upepo hawaujali. Mtikisiko wa mnyama anayevuta na kutafuna, ambao husafiri ndani ya mti wenyewe kutoka tawi hadi tawi, huwaamsha wote, na kwa kuufuata wanajua hata upande anakotokea. Fimbo ya yule kijana ilikuwa imebisha kwa namna ya mbuzi.

Nilikuwa nadhani kwamba kila ilula lina sisimizi wale wale. Kumbe si hivyo, na kisa chenyewe hakina upole tunaopenda kuusikia tunaposifu uumbaji. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, ambako mti huu umechunguzwa kuliko popote, kuna jamii nne za sisimizi zinazougombania, na kwa kawaida mti mmoja huwa na jamii moja tu. Matawi ya miti miwili yakigusana, vita huzuka. Hupigana usiku na mchana, na maiti hurundikana chini ya mti. Anayeshinda huchukua nyumba.

Wenye nguvu kuliko wote vitani ni Crematogaster sjostedti, waliopewa jina la yule Mswidi, na nasikitika kwa niaba yake, maana ni walinzi wavivu. Nundu hawazijali. Hukaa kwenye matundu ya shina yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa, kwa hiyo mbawakawa wanapoutoboa mti, kwao ni ujenzi wa bure. Wanaofuata ni Crematogaster mimosae, walinzi hodari, wanaoishi ndani ya nundu na kutegemea posho ya mti. Hao ndio wengi zaidi, karibu nusu ya miti yote ni yao. Wa tatu ni Crematogaster nigriceps, wakali vile vile, lakini wana hofu ya majirani. Ili matawi ya mti wao yasigusane na ya mti wa maadui, huyatafuna machipukizi, na katika kuyatafuna huuondolea mti uwezo wa kutoa maua. Mti unabaki mnene, wa kijani, na tasa. Wa nne, Tetraponera penzigi, ni wembamba na ndio wanyonge kuliko wote. Hutoboa kitundu kidogo kiasi kwamba adui hawezi kupita, kisha huviharibu vile vitezi vya utamu, ili mti wao usimvutie mtu.

Hapo msomaji mcha Mungu anaweza kukwama, nami nilikwama. Mlinzi anayemhasi mwenye nyumba ni mlinzi gani? Yule anayevunja vyombo vya meza aliyoandaliwa? Ingekuwa rahisi kuwaruka hao na kuwasifu mimosae peke yao. Wahubiri wengi wa maajabu ya asili hufanya hivyo, wanachagua nyuki na kumwacha kupe.

Mtafiti Todd Palmer na wenzake hawakuwaruka. Waliifuatilia miti ya Laikipia kwa miaka, na mwaka 2010 walichapisha hesabu zao. Mti wa ilula huishi muda mrefu sana, na katika maisha yake haukai na jamii moja. Hubadilisha walinzi mara kwa mara, kadiri vita vinavyokwenda. Ukiupima kwa siku moja, ule wenye nigriceps ni hasara tupu, hauzai. Ukiupima kwa maisha yake yote, mti unaopitia mikononi mwa jamii mbalimbali, wakiwamo wahasi na wavivu, hufanikiwa kuliko ambao ungekaa na walinzi wema peke yao. Mti mchanga, ambao hata hivyo haujafika umri wa kuzaa, unamhitaji mlinzi mkali ili usiliwe ukaisha, na utasa wa ujana hauugharimu kitu. Uzazi unakuja baadaye, wakija wapangaji wengine. Sidai kwamba jambo hili linajibu maswali yote ya mateso ya dunia. Linajibu swali la mti mmoja, na limenitosha kunyamaza kidogo.

Sasa aje mkubwa. Tembo hung'oa mbuyu, huvunja migunga ya kila namna, na mti wa kimo cha ilula kwake ungekuwa mboga. Jacob Goheen na huyo huyo Palmer walijaribu kwa tembo yatima wanaolelewa Tsavo, Kenya. Waliwawekea matawi ya ilula yenye sisimizi na yaliyoondolewa sisimizi. Yasiyo na sisimizi yaliliwa bila kusita, miiba na yote. Yenye sisimizi yaliachwa. Mwiba, kumbe, hauwazuii tembo. Kinachowazuia ni kiumbe asiyefika uzito wa punje ya mchele, kwa sababu mkonga wa tembo, pamoja na nguvu zake zote, ndani ni nyama laini, na sisimizi wakiingia humo hakuna mkono wa kuwatoa. Twiga ana ujasiri zaidi. Ulimi wake wa karibu nusu mita unajua kupita kati ya miiba, ingawa naye hakai muda mrefu kwenye mti mmoja.

Je, si ingekuwa heri kwa mti kama tembo na twiga wasingekuwapo kabisa? Ndivyo akili ya kawaida inavyosema, na ndivyo nami ningejibu. Mwaka 1995, mtafiti Truman Young alianzisha Mpala jaribio la kuzungushia maeneo ya mbuga uzio ambao wanyama wakubwa hawakuweza kuupita. Ndani ya uzio, ilula likapata amani ambayo halikuwa nayo tangu kuumbwa. Baada ya miaka kumi wakaenda kutazama, na majibu yalichapishwa mwaka 2008. Mti uliokosa maadui ulikuwa umeanza ubahili. Nundu zilipungua. Vitezi vya utamu vilipungua. Miiba mipya iliota mifupi. Kwa nini umlipe mlinzi ikiwa hakuna mwizi? Mimosae, walipoona posho imekatwa, walipoteza ari ya ulinzi, wakaanza kufuga kwa wingi vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti ili wapate sukari kwa njia nyingine, na wakazidi kushindwa vitani. Nafasi yao ikachukuliwa na sjostedti, marafiki wa mbawakawa. Mashina yakatobolewa. Miti ndani ya uzio ikawa inakua polepole na kufa zaidi kuliko ile ya nje, iliyokuwa ikitafunwa kila siku.

Narudia, maana mara ya kwanza niliposoma sikuamini: mti ulidhoofika kwa kuondolewa waharibifu wake. Mdomo wa twiga ulikuwa sehemu ya afya yake. Sijui fundi wa duniani ambaye angethubutu kuchora mashine inayosimama imara kwa sababu inapigwa, na inayoanguka kipigo kikikoma.

Tena, uzi huu haukomei kwenye mti. Kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, huko huko Laikipia, ameingia sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ambaye asili yake inadhaniwa kuwa visiwa vya Bahari ya Hindi na ambaye amesafiri dunia nzima ndani ya mizigo ya binadamu. Popote anapofika huwaua sisimizi wa malula, hula mayai na watoto wao, na kisha haulindi mti. Tembo waligundua haraka. Miti isiyo na wenyewe ilivunjwa mara tano hadi saba zaidi ya ile yenye wenyewe, na mbuga iliyokuwa vichaka ikawa uwanja wazi. Mtafiti Mkenya, Douglas Kamaru, pamoja na wenzake, waliufuata uwanja huo mpaka kwa simba. Simba huwinda kwa kunyatia, na vichaka vya malula ndivyo vilivyokuwa maficho yake. Mwaka 2003, asilimia 67 ya mawindo ya simba wa pale yalikuwa pundamilia. Kufikia 2020 ilikuwa asilimia 42. Pundamilia sasa anamwona simba akiwa mbali. Simba hawakufa njaa, waligeukia nyati, mnyama ambaye mwaka 2003 hakuwamo katika hesabu ya mawindo na ambaye mwaka 2020 alikuwa amefika asilimia 42. Kumwinda nyati ni kazi ya hatari, simba huvunjwa mbavu humo. Taarifa ya watafiti hao ilichapishwa mwaka 2024. Sisimizi mmoja kaondoka, na mfalme wa mbuga akabadilisha chakula.

Kuna mfalme mwingine aliyewatazama sisimizi kwa makini. Suleiman ni miongoni mwa wachache wanaokutana na mdudu huyu katika Biblia na katika Kurani pia: katika ile ya kwanza, methali zake zinamtuma mvivu akajifunze kwa chungu, na katika ya pili yeye mwenyewe, akiwa na jeshi lake lote, anatabasamu kwa maneno ya chungu mmoja anayewaonya wenzake wasije wakakanyagwa. Mfalme wa jeshi kubwa kusimama kwa ajili ya kiumbe wa namna hiyo! Na Musa, alipoagizwa kutengeneza Sanduku la Agano, hakuambiwa alete mwerezi wa Lebanoni. Aliambiwa mshita, mti wa jangwani wa jamaa ya hii hii migunga yetu ya miiba. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya uchaguzi huo wa mbao, na ningependa kuyasikia, hasa kutoka kwa mhubiri aliyewahi kuchomwa.

Usukumani hapa historia ya mti huu na watu haijawa ya mapenzi. Kichaka kilimaanisha mbung'o, na mbung'o alimaanisha ng'ombe kufa na watu kuugua malale. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, na Charles Swynnerton aliyeongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga, ilihimiza kufyeka vichaka kwa maelfu ya hekta. Baadaye pamba ikataka mashamba, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikataka miti. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa kipara, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendelea hadi 2004. Kilichouokoa mradi huo, kwa maoni yangu, ni unyenyekevu wa kurudia jambo ambalo wafugaji walikuwa nalo tayari: ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi ziote, likafunguliwa kiangazi kikali malisho yanapokwisha. Mwanzoni mwa mradi zilikuwa zimebaki hekta mia sita hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Miti mingi ndani ya ngitili haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa imelala ardhini miaka yote hiyo, na kwenye udongo mweusi, malula yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuinuka. Wafugaji hulikata ilula kwa kiasi, matawi yake ya miiba yanafunga boma usiku, na kuni zake huwaka kwa moto mkali wa muda mrefu.

Tembo na twiga wa Misungwi wameondoka zamani, na mbuzi sasa ndio wanaobisha hodi. Anayetaka kuona ilula likiwa na majirani wake wa asili itabidi ashike barabara ya Musoma, apite Magu na Lamadi, mpaka lango la Ndabaka, ambako Serengeti inakaribia kabisa kunywa maji ya ziwa. Ndani ya lango hilo, ardhi ni bapa na nyeusi, na mvua zikizidi inageuka bwawa. Mito ya Mbalageti na Grumeti hupita katika ukanda huo ikielekea ziwani. Katika vichaka vya malula vya Serengeti ya magharibi anaishi kima mmoja mwekundu mwenye miguu mirefu, anayependa kukimbia chini kuliko kuruka mitini, wa kundi linaloshika nafasi ya kwanza kwa mbio kati ya kima wote duniani. Wataalamu humwita Erythrocebus baumstarki, na ni juzi tu walipokubaliana kwamba yeye ni jamii ya peke yake. Zamani alifika hadi maeneo ya Kilimanjaro na kusini mwa Kenya. Leo amebaki hapo tu, na wanaomfuatilia wanakadiria kwamba wote pamoja ni kati ya 100 na 200. Ndugu zake wa Laikipia hula utomvu ulioganda kwenye magome ya malula, na huzipasua nundu wakala sisimizi na watoto wao, wakivumilia kuumwa.

Mkulima wa mbugani huliita ilula takataka, na kwa shamba lake la mpunga yuko sahihi. Kwa kima huyu ni ghala, ni kivuli, na ni mnara wa kumtazamia chui. Wenyewe nao wamo ndani ya nundu, katika vichaka vichache tu wakiwa wameshampita kwa idadi yeye na ukoo wake wote, na hawana habari kwamba wanamlisha kima adimu kuliko wote wa kaskazini mwa Tanzania Bara.